Seva ndogo ya Raspberry Pi inayostahimili kukatika kwa umeme

Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye RAM ya GB 2 inatosha kabisa kuendesha maktaba ya shule bila intaneti: Wikipedia ya Kiswahili, kamusi, vitabu na masomo, vyote vikifunguliwa kwenye kivinjari cha simu. Programu zenyewe (hapa ni Kiwix, inayofungua Wikipedia na vitabu bila intaneti) ni huru na hazina gharama. Lakini seva nyingi za aina hii hufa ndani ya miezi michache, na mara nyingi Linux haina kosa. Kinachoziua ni umeme hafifu na kadi ya microSD. Kwa hiyo tuanze huko, programu zije baadaye.

Umeme

Pi 4 inahitaji volti 5.1 na ampea 3 kupitia USB-C. Chaja ya simu hutoa volti 5 kamili, na waya mwembamba wa mita moja au mbili hupunguza kiasi njiani. Volti zikishuka chini ya 4.63, Pi hujipunguzia kasi, diski ya USB hukatika ghafla, na faili lililokuwa likiandikwa huharibika. Chaja za "fast charge" hazisaidii: Pi 4 haiombi volti 9, na kwenye volti 5 nyingi ya chaja hizo huishia ampea 2.

Baada ya Pi kufanya kazi kwa saa kadhaa, pima kwa amri hii:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni safi. 0x50000 maana yake umeme ulishuka wakati fulani tangu Pi iwashwe. 0x50005 maana yake unashuka sasa hivi. Ukipata mojawapo kati ya hayo mawili, badilisha chaja na waya kabla ya kugusa kitu kingine chochote; ukianza kurekebisha programu wakati huo unapoteza muda.

Kwa anayetumia sola: betri ya asidi ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), ina Wh 84 (wati-saa), lakini usiitumie chini ya nusu. Wh 42 zinazobaki, ukiondoa upotevu wa kibadilishaji, huendesha Pi na SSD, yaani diski isiyozunguka (jumla yapata wati 5), kwa saa saba hivi. Weka kibadilishaji cha kutoka volti 12 kwenda 5 kitoe volti 5.1 hadi 5.2, na ukipime kwa mita Pi ikiwa imewaka. Kipimo kisicho na mzigo hudanganya.

Kadi na diski

Kadi bandia zimejaa madukani: imeandikwa GB 64, ndani ina 8, na kompyuta huamini maandishi. Ijaribu kadi kwenye kompyuta yoyote ya Linux kabla ya kuweka mfumo:

sudo apt install f3
f3write /mnt/kadi
f3read /mnt/kadi

Mstari wa "Data LOST" lazima usome sifuri. Kubali kusubiri, kwa sababu jaribio huijaza kadi yote.

Vitabu vya maktaba viweke kwenye SSD ya USB, si kwenye kadi. Bandari zote nne za USB za Pi 4 zinagawana ampea 1.2 tu, hivyo diski ya kuzunguka pamoja na kifaa kingine chenye njaa ya umeme hulemea haraka. SSD moja haina shida. Iumbize kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na Wikipedia ya Kiingereza yenye picha ni mara nyingi zaidi ya hapo.

Kuweka mfumo

Fungua Raspberry Pi Imager, chagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64. Huhitaji mazingira ya dirisha na panya. Yanakula RAM bure. Kabla ya kuandika kadi, jaza mipangilio: jina la mashine (tuseme maktaba), mtumiaji, nenosiri, SSH (njia ya kuiendesha Pi kutoka kompyuta nyingine) iwashwe, na nchi ya Wi-Fi. Nchi isiachwe wazi, kwani bila hiyo redio ya Wi-Fi hubaki imefungwa na utahangaika kutafuta sababu. Tangu Aprili 2022 hakuna tena mtumiaji "pi" anayekuja tayari, kwa hiyo miongozo ya zamani inayokuambia uingie kwa pi na raspberry imepitwa na wakati.

Unganisha Pi kwa kebo ya mtandao, ingia kwa SSH, kisha:

sudo apt update && sudo apt full-upgrade
sudo apt install kiwix-tools

Tafuta UUID (namba ya utambulisho) ya SSD kwa lsblk -f, tengeneza folda /srv/maktaba, kisha ongeza mstari huu mwishoni mwa /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa Pi ikiwaka:

UUID=weka-yako-hapa /srv/maktaba ext4 noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=15 0 2

Neno nofail ndilo la kuangaliwa. Bila hilo, siku diski ikichomoka Pi itagoma kuwaka na kuingia hali ya dharura. Hali hiyo inahitaji skrini, kibodi na nenosiri la root (msimamizi mkuu), ambalo kwenye mfumo huu limefungwa. Ukiwa na nofail, Pi inawaka, SSH inafanya kazi, na unaona mwenyewe kilichokosekana.

Endesha sudo systemctl daemon-reload, kisha sudo mount -a. Isiponung'unika, nakili faili za .zim (vifurushi vya Wikipedia na vitabu) kutoka Kiwix kwenye folda hiyo na uzisajili moja moja:

sudo kiwix-manage /srv/maktaba/orodha.xml add /srv/maktaba/jina-la-faili.zim

Sasa huduma yenyewe, itakayowashwa na systemd (msimamizi wa huduma za Linux), kwenye /etc/systemd/system/maktaba.service:

[Unit]
Description=Maktaba ya Kiwix
RequiresMountsFor=/srv/maktaba
After=network.target

[Service]
DynamicUser=yes
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --library --port=80 /srv/maktaba/orodha.xml
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Wengi hujaribu kuandika /srv/maktaba/*.zim mahali pa orodha. Kwenye terminali inakubali, kwenye systemd haikubali: nyota hutafsiriwa na ganda la amri, na systemd haipitii ganda. Mstari wa AmbientCapabilities nao upo kwa sababu bandari ya 80 hairuhusiwi kwa mtumiaji wa kawaida. Washa:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now maktaba

Ikigoma, journalctl -u maktaba -b itasema kwa nini. Mara nyingi ni ruhusa: faili la .zim lililonakiliwa na root halisomeki na wengine. sudo chmod -R a+rX /srv/maktaba huondoa tatizo.

Wi-Fi ya wasomaji

Amri hizi huifanya Pi itoe Wi-Fi yake yenyewe:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid Maktaba password nenosiri-refu
sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes

Fanya hivi ukiwa kwenye kebo; ukiwa umeingia kwa Wi-Fi hiyohiyo utajikatia mwenyewe. Wasomaji wafungue http://10.42.0.1, kwa kuwa anwani ya maktaba.local haifunguki kwenye simu za Android za zamani. Redio ya ndani ya Pi haimudu darasa zima. Kwa wanafunzi wanaozidi kumi hivi, chomeka ruta ya kawaida kwenye bandari ya mtandao na uiachie kazi hiyo.

Saa

Pi 4 haina saa yenye betri. Ikizimwa na kuwashwa pasipo intaneti, huamka na tarehe ya zamani. Maktaba haijali, ila siku utakapoiunganisha na mtandao, apt inaweza kulalamika kuwa faili la Release halijaanza kutumika. Moduli ya saa ya DS3231 ni suluhisho la bei nafuu: pini ya 1 (volti 3.3), ya 3 (SDA), ya 5 (SCL) na ya 6 (ardhi). Kwenye /boot/firmware/config.txt ongeza:

dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Ondoa fake-hwclock (programu ya saa ya kuigiza) kama ipo, washa upya ukiwa na intaneti, kisha sudo hwclock -w. Amri hiyo isipopatikana, sakinisha util-linux-extra. Angalizo kwa wanaotaka kitufe cha kuzimia: dtoverlay=gpio-shutdown hutumia GPIO3 usipoielekeza kwingine, yaani pini ileile ya 5 iliyoshikwa na saa. Andika dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=17, na kitufe kikae kati ya pini ya 11 na ya 9.

Kufunga kadi isiandikwe

Hatua hii ndiyo inayoifanya seva ivumilie umeme kukatika, na iwe ya mwisho kabisa, kila kitu kikishafanya kazi. Fungua sudo raspi-config, nenda Performance Options, kisha Overlay File System, kubali, na ukubali pia sehemu ya boot isiandikwe. Baada ya kuwasha upya, kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye RAM na kutoweka Pi ikizimwa. Kadi haichakai, na kuchomoa umeme ghafla hakuna cha kuharibu.

Gharama yake ni kwamba mabadiliko yako nayo yanatoweka. Ukibadilisha nenosiri leo overlay ikiwa imewashwa, kesho la zamani limerudi. Overlay inaweza kufunika hata SSD iliyoandikwa kwenye fstab: utaona kitabu kipya kimenakiliwa vizuri, kisha baada ya kuwasha upya hakipo. Wakati wa kunakili kitabu kikubwa RAM nayo hujaa na Pi kuganda. Kwa hiyo kila unapoongeza vitabu au masasisho, zima overlay, washa upya, fanya kazi, iwashe tena, washa upya. Thibitisha hali kwa findmnt / : ikitaja overlay, imefungwa, ikitaja ext4, iko wazi.

Lalamiko la kwanza kutoka kwa wasomaji litakuwa "inakatika". Simu ikigundua kuwa Wi-Fi ya Maktaba haina intaneti, hurudi kwenye data bila kuuliza, na 10.42.0.1 haifunguki tena. Wazime data, au wakubali ujumbe wa kubaki kwenye mtandao usio na intaneti. Bandika maelezo hayo ukutani karibu na jina la Wi-Fi.