Somo: Kufuatilia utendaji wa moyo wa mgonjwa mahututi bila kuingiza katheta

Katheta ya Swan na Ganz, mrija mwembamba uliotambulishwa mwaka 1970, hupitishwa hadi kwenye ateri ya mapafu ili kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa dakika. Hutoa taarifa nyingi, ila huweza kuvuruga mapigo au kuleta maambukizi. Sehemu kubwa ya taarifa hizo sasa hupatikana kutoka nje ya mwili, mradi mpimaji aamini zaidi mabadiliko ya mgonjwa yule yule, aliyepimwa kwa namna ile ile, kuliko namba moja iliyosimama peke yake.

Hatua ya 1: Ngozi. Bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10, kisha achia. Rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, damu haifiki vizuri pembezoni mwa mwili.

Hatua ya 2: Shinikizo la damu. Lengo la kuanzia kwa wagonjwa wengi wenye mshtuko (hali ya viungo kukosa damu ya kutosha) ni wastani wa 65 mmHg, lakini mishipa iliyojibana huweza kushikilia shinikizo huku moyo ukisukuma damu kidogo mno. Angalia pia tofauti kati ya shinikizo la juu na la chini: kwa mgonjwa mwenye 90/72, tofauti ni 18 tu, chini ya robo ya 90, na hilo linatosha kukufanya ushuku moyo wake.

Hatua ya 3: Altrasaundi. Kabla ya kupima chochote, tazama kama ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) inajikaza, kama ya kulia imetanuka, na kama kuna maji yanayoubana moyo. Kisha weka Dopla (kipimo cha altrasaundi cha mwendo wa damu) chini kidogo ya vali ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, upime umbali ambao damu husafiri kwa kila pigo. Kwa kawaida ni kama sentimita 18 hadi 22. Umbali huo ukizidishwa kwa eneo la njia ya kutokea damu hutoa ujazo wa pigo moja: njia yenye kipenyo cha sentimita 2 na umbali wa sentimita 20 hutoa takriban mililita 63. Kwa kuwa kosa dogo la kipenyo hukuzwa linapozidishwa kwa lenyewe, mimi hupendelea kufuatilia umbali peke yake. Mwale uende sambamba na mkondo wa damu. Ukikaa upande, utapata namba ndogo isiyo ya kweli.

Hatua ya 4: Kuinua miguu. Mgonjwa akiwa ameegemea kwa nyuzi 45, laza kiwiliwili na uinue miguu kwa kitanda chenyewe, kisha pima upya ule umbali ndani ya dakika moja. Ongezeko la asilimia 10 au zaidi huonyesha kwamba moyo unaweza kunufaika na maji ya mshipani.

Maswali ya wanachama

Swali: Daktari, mapigo yasipokuwa na mpangilio nifanyeje?
Jibu: Chukua wastani wa mapigo 10 hivi, kwa sababu pigo moja halisemi kitu.

Swali: Je, mgonjwa mwenye tumbo lililojaa shinikizo anafaa kuinuliwa miguu?
Jibu: Jibu lake huweza kupotosha, kwani damu ya miguuni inazuiwa njiani. Aliye na shinikizo kubwa kichwani asifanyiwe kabisa.

Swali: Ongezeko likipatikana, nianze dripu mara moja?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Hata moyo wa mtu mzima wa afya huongeza msukumo miguu ikiinuliwa. Mpe maji ikiwa pia ngozi, mkojo au hali yake ya fahamu vinaonyesha kwamba damu haimtoshi, na mapafu yake yanaweza kuyabeba.