Kuchora Kolam Kizingitini Kila Alfajiri

Katika nyumba nyingi za Wahindu wa Tamil Nadu, kusini mwa India, rangoli, yaani mchoro wa mapambo unaochorwa sakafuni kwa unga, huitwa kolam, nayo huchorwa kabla jua halijachomoza ili kumkaribisha Lakshmi, mungu wa kike wa neema na ustawi. Fagia kwanza mbele ya mlango, kisha nyunyiza maji. Sakafu iwe na unyevunyevu tu, kwa maana ikiloa sana unga hugeuka uji. Tumia unga wa mchele usiosagwa laini mno, uubane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha uuachie utiririke huku mkono ukisogea, kwani mkono unaositasita huacha vifundo katika mstari. Anayeanza na aweke nukta tisa, safu tatu za nukta tatutatu, halafu apitishe mistari ya kuzizunguka bila kuzigusa, akihakikisha kila mstari unarejea ulipoanzia. Rangi za dukani hupendeza siku ya Diwali, lakini kwa ibada ya kila siku naona unga mtupu unafaa zaidi: sisimizi na ndege huula, na kuwalisha ni sehemu ya ibada yenyewe. Mchoro ukikanyagwa na kufutika mchana, usiurekebishe. Kesho utafagia na kuchora mwingine.