Somo: Kiambato Gani cha Kuzuia Mikunjo Kinachofaa Ngozi Zetu Hapa Lamu

Kunja mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko. Tazama ngozi ya ndani ya mkono, kisha geuza utazame mgongo wa kiganja. Ngozi zote mbili umezaliwa nazo siku moja. Moja imekaa kivulini maisha yake yote. Nyingine imeanika nguo darini, imekaa barazani, imepanda boti kwenda Mokowe na kurudi. Kina mama wa miaka 60 wakifanya hivi mbele yangu hunyamaza kidogo, kwa maana mkono wa juu bado ni wa msichana na kiganja ni cha bibi. Umri ni mmoja. Kilichozidi upande wa pili ni jua.

Nimeanzia hapo makusudi, kwa sababu katika miaka 14 niliyosimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Lamu mjini, swali ninaloulizwa mno ni hili: "Dada, krimu ipi ya kuondoa uzee?" Na anayeuliza huwa ameshika pesa aliyoidunduliza. Sipendi kumwona akiimwaga. Basi leo nalinganisha vile vinavyouzwa bila maagizo ya daktari, nikisema wazi kipi kina nguvu na kipi kina jina tu.

Hatua ya kwanza: jua unapambana na nini

Osha uso asubuhi, usipake kitu, simama penye mwanga na kioo. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde ina melanini nyingi, yaani ile rangi ya asili ya ngozi, kwa hiyo mikunjo huchelewa kuja kuliko kwa Wazungu. Kinachotangulia kwetu ni madoa mashavuni, rangi kutolingana, na alama za chunusi zisizotaka kuondoka. Wengi hununua krimu ya mikunjo hali shida yao ni madoa, kisha husema krimu haifai.

Kama ni madoa, macho yako yawe kwenye niasinamidi, vitamini C na asidi ya azelaiki. Kama ni mikunjo, retinoli. Kama ngozi imekauka tu, huhitaji dawa ya uzee, unahitaji mafuta. Na kama ni ngozi ya shingo na taya iliyolegea, hakuna krimu ya dukani itakayoinyanyua. Naomba uniamini kwa hilo.

Hatua ya pili: sanskrini kabla ya kingine chochote

Sanskrini ni krimu ya kukinga ngozi na jua. Jua lina miale ya aina mbili inayotuhusu. UVB ndiyo inayounguza. UVA haiunguzi sana, lakini huingia ndani zaidi na kuvunja kolajeni, zile nyuzi zinazoshika ngozi isilegee. UVA hupita kwenye mawingu na hupita kwenye kioo cha dirisha. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, jua linatupiga utosini karibu mwaka mzima, na wala mawingu ya kusi hayatuokoi. Usidanganywe na upepo wa baharini. Unapoza joto, hauzuii miale.

Kwa nini naiweka sanskrini mbele ya viambato vyote? Kwa sababu ushahidi wake ni mzito. Huko Nambour, Australia, watafiti waligawa watu wazima wa chini ya miaka 55 kwa kura: wengine wapake sanskrini kila siku, wengine wapake wanapopenda. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za waliopaka kila siku zilionyesha uzee pungufu kwa asilimia 24 kuliko za wenzao. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Kumbuka, hao hawakutumia seramu yoyote ya bei.

SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya UVB: SPF 15 huzuia kama asilimia 93 ya UVB, SPF 30 asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Kwa hiyo usijitese kutafuta 100. Chukua 30 au 50 iliyoandikwa kwamba inazuia UVA pia. Shida yetu kubwa ni kipimo. Nyoosha vidole viwili, cha shahada na cha kati, kamulia mstari mmoja juu ya kila kidole: hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukipaka hivyo kila siku, chupa ya mililita 50 haifiki miezi miwili. Ikiwa yako imekaa tangu Ramadhani iliyopita, huipaki, unaigusa. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na ukishatoka majini.

Zile za zinki huacha weupe kama jivu usoni, na najua ndiyo sababu wengi mmeziacha. Tafuta yenye rangi ya ngozi. Rangi ile hutokana na oksidi ya chuma, na ina faida ya pili: huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao kwenye ngozi zetu huzidisha madoa ya mashavuni.

Hatua ya tatu: retinoli, polepole

Katika vitu vya usiku, huyu ndiye mwenye nguvu. Ni jamaa wa vitamini A. Ngozi huigeuza kwa hatua hadi ikawa asidi ya retinoiki, nayo huamsha utengenezaji wa kolajeni mpya na kuharakisha ngozi kujibadilisha. Tretinoini, ambayo huandikwa na daktari, yenyewe tayari ni asidi hiyo, ndiyo maana ina nguvu zaidi na huchubua zaidi. Ukiona kwenye boksi retinili palmiteti, huyo ni ndugu dhaifu wa mwisho kabisa, mwenye safari ndefu zaidi ya kugeuka. Usimlipie bei ya retinoli.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ninaoupenda. Wazee wa wastani wa miaka 87 walipakwa retinoli ya asilimia 0.4 kwenye mkono mmoja, na krimu tupu kwenye mkono wa pili, kwa wiki 24. Walipakwa wapi? Ndani ya mkono wa juu, palepale nilipokwambia ukunje buibui, mahali pasipopigwa na jua. Na mikunjo midogo ilipungua upande wa retinoli. Kwa hiyo inasaidia hata uzee ule wa miaka yenyewe.

Lakini nisikilizeni. Mara yangu ya kwanza nilianza kuipaka kila usiku, kaskazi imepamba moto, na asubuhi natoka bila sanskrini. Wiki ya pili uso ulikuwa unabanduka kama rangi ya jahazi la zamani. Kubanduka kuliisha, madoa yaliyoachwa na ule mwasho yalikaa nami miezi minane. Ngozi nyeusi ikikasirika huacha alama. Basi anza na usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso mzima, juu ya ngozi kavu. Ukiwa na ngozi inayowashwa upesi, tangulia na mafuta, kisha retinoli, kisha mafuta tena. Baada ya mwezi, ongeza usiku mmoja. Usihukumu kabla ya miezi mitatu, na matokeo ya kweli ni karibu miezi sita.

Hatua ya nne: wasaidizi

Niasinamidi ndiye namshauri mtu wa Lamu mwenye pesa ya vitu viwili tu: sanskrini na yeye. Ni aina ya vitamini B3. Huzuia rangi isisafirishwe kutoka kwenye seli zinazoitengeneza kwenda seli za juu, kwa hiyo madoa hufifia, na huimarisha ngozi isipoteze maji. Asilimia 5 yatosha. Mikunjo midogo nayo hupungua, ingawa si kama kwa retinoli. Tena havunjiki kwa joto, hana kelele na wenzake, na hata ngozi ya mafuta humkubali.

Vitamini C kwenye karatasi ni bora: hukinga dhidi ya uharibifu wa jua, hung'arisha, husaidia kolajeni. Lakini ile halisi, asidi ya askobiki ya asilimia 10 hadi 20, huharibika kwa hewa, mwanga na joto. Chupa iliyosafiri kwa lori kutoka Mombasa, ikashushwa Mokowe juani, ikakaa kwenye rafu ya duka lisilo na hata feni, sijui imebakiwa na nini. Tazama rangi. Ikiwa kama maji au manjano hafifu, sawa. Ikiwa kama chai ya rangi, imekufa, rudisha. Ukinunua nzuri, iweke kwenye friji.

Asidi ya glaikoliki na ya laktiki huondoa ngozi iliyokufa na kuleta mng'ao. Mara moja kwa wiki inatosha, usiku, na si usiku wa retinoli. Huifanya ngozi iogope jua zaidi.

Asidi ya hayaluroniki hushika maji; uso hujaa na mikunjo hujificha kwa saa kadhaa. Ni kitu kizuri kwa siku ya harusi, si tiba. Peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, zina ushahidi mdogo na bei kubwa. Krimu ya kolajeni ndiyo inayoniuma, maana chembe yake ni kubwa mno kupenya ngozi. Inafanya kazi ya mafuta tu, na mafuta unayo nyumbani.

Hatua ya tano: kupanga

Asubuhi: osha, niasinamidi au vitamini C, mafuta mepesi, sanskrini. Usiku: osha vizuri, retinoli zile siku zake, mafuta. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja, na ukijaribu nyuma ya sikio siku tatu kwanza, ili ukiwashwa umjue mwenye kosa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shela: Mimi navaa ninja. Nina haja gani na sanskrini?

Kitambaa cheusi kilichofumwa kwa kubana ni kinga nzuri kuliko krimu nyingi, kwa hiyo uso wako umepumzika. Paka kuzunguka macho na migongo ya mikono. Nyinyi wa Shela mna mchanga mlangoni: mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale, na povu la bahari kama asilimia 25, basi jua huja hata kutoka chini.

Langoni: Nina mimba ya miezi minne. Naendelea na retinoli?

Acha leo, mwanangu, na jamaa zake wote wa vitamini A. Ya kupaka huingia mwilini kidogo sana, lakini jamaa zake wa kumeza wanajulikana kulemaza mtoto tumboni, na kwa ajili ya mikunjo hatujaribu bahati. Niasinamidi, vitamini C na asidi ya azelaiki unaweza. Madoa ya mimba mara nyingi hufifia baada ya kujifungua, hasa ukiwa na sanskrini yenye rangi.

Mkomani: Binti yangu anaolewa wiki tatu zijazo. Aanze retinoli na singo, ule msuguo wa bibi harusi, pamoja?

Hapana. Wiki tatu ni muda wa kubanduka, si wa kupendeza. Mwache na sanskrini na niasinamidi, na singo yake isuguliwe kwa mkono mwepesi. Liwa, ule mti wa kunukia, iliyosagwa kwenye msio (jiwe la kusagia) kwa maji ya mawaridi hutuliza na hunukia, aipake usiku kwa moyo mkunjufu. Ila isihesabiwe kuwa kinga ya jua. Msitie ndimu. Maji ya ndimu kwenye ngozi kisha jua huunguza na kuacha weusi wa wiki nyingi. Na piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mikono, tafadhalini: ile iliyochanganywa na dawa ya nywele imenipitishia kaunta bibi harusi wenye mikono iliyotoka malengelenge.

Malindi: Je, mafuta ya nazi hayawezi kuchukua nafasi ya sanskrini? Bibi zetu hawakupaka kingine.

Mafuta ya nazi hulainisha vizuri, mimi mwenyewe napaka mwilini. Lakini kinga yake ya jua ni ndogo sana, haitoshi kwa saa moja ya ufukweni. Bibi zetu walikuwa na buibui, baraza yenye kivuli, na mchana walilala.

Langoni: Kuna krimu ya kopo isiyo na jina, inaondoa madoa kwa siku tano. Wanasema ni ya uzee pia.

Kitu kinachofuta madoa kwa siku tano mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na mtoto anayelala kifuani mwako huipata. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, yaani inakuzeesha. Mamangu mzazi alitumia mkorogo kama huo aliouziwa na mfanyabiashara mmoja. Mishipa ikatokeza mashavuni na haijarudi. Usinunue kisicho na orodha ya viambato. Na ukisoma orodha, jua kwamba vilivyo vingi hutangulia. Niasinamidi ikiwa ya mwisho kabisa, wamekuonjesha tu.

Matondoni: Mimi ni nahodha, miaka 58, nimekaa juani tangu utotoni. Nimechelewa?

Hujachelewa, kaka. Wale wa miaka 87 walipata nafuu. Kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, sanskrini isiyotoka kwa maji, na retinoli usiku ukiwa nchi kavu. Kuna jambo kubwa kuliko mikunjo, hata hivyo: kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, au alama nyeusi inayokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, ipeleke kwa daktari. Kwetu sisi weusi saratani ya ngozi aina ya melanoma hupenda kujificha hapo.

Matondoni tena: Na mwanangu ni zeruzeru, huenda nami baharini.

Huyu asingoje krimu ya dukani. Mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Lina mpango wa kuwapa sanskrini bure walioandikishwa. Mpaka ipatikane, asitoke na jahazi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na akitoka awe na kofia, miwani ya jua na mikono mirefu, hata siku ya mawingu.