SOMO: Sehemu ngumu zaidi za kupiga kambi porini Uingereza, na namna ya kuziendea

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wadau mlioko Uingereza, au mnaokuja kutembea, ambao mmeshazoea vilima vya kwenda na kurudi siku hiyohiyo na sasa mnataka kulala hukohuko juu, mbali na barabara. Sitagusa viwanja vya kambi vya kulipia vyenye bafu na duka. Naongelea pori lenyewe, tena kona zake ngumu.

Kwanza kabisa, urefu wa mlima huku haukwambii kitu. Ben Nevis, mrefu kuliko yote, una mita 1,345 tu, wakati Kilimanjaro ina 5,895. Mtu aliyefika Uhuru akiona namba hizo anadharau, na hatari inaanzia hapo. Kule una mwongozaji, una wagumu wanaokubebea mzigo, kambi zinajulikana, na ukizidiwa kuna watu wa kukushusha. Huku ni wewe, begi lako na ramani. Halafu baridi ya huku ina maji ndani yake: nyuzi 3, mvua inayokuja kwa ubavu, upepo usiokata. Mwili uliolowa na kupigwa upepo unapoteza joto haraka sana, hata kama hakuna barafu popote.

Kwa hiyo mimi kila sehemu naipima kwa swali moja: hali ikichafuka saa nane usiku, natokaje hapa? Jibu likiwa gumu, sehemu ni ngumu. Mengine yote yanafuata hapo.

HATUA YA 1: Jua sheria ya ardhi unayolalia

Uskoti ina uhuru mkubwa. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupiga kambi kwenye sehemu kubwa ya ardhi isiyozungushiwa uzio wa makazi au kulimwa, ilimradi awe mstaarabu: kundi dogo, hema jepesi, usiku mbili au tatu mahali pamoja, kisha ahame bila kuacha alama. Kulala kwenye gari hakumo kwenye haki hiyo. Pia kuna sehemu za hifadhi ya Loch Lomond na Trossachs ambako, kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba, lazima uwe na kibali.

England na Wales mambo ni tofauti: unatakiwa uwe na ruhusa ya mwenye ardhi. Sehemu moja inayojitenga ni Dartmoor, kusini magharibi mwa England. Haki ya kulala pale ilipingwa mahakamani, ikafutwa mwanzoni mwa 2023, ikarudishwa mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Binafsi nililifurahia sana jambo hilo, maana pori ambalo watu hawaruhusiwi kulala ndani yake ni picha ya ukutani tu.

HATUA YA 2: Chagua sehemu, kuanzia ngumu kwenda ngumu zaidi

Anza na Dartmoor yenyewe. Kilele chake cha juu hakifiki mita 622, na watu wanapotea pale kila mara. Uwanda wa kaskazini ni nyasi, mboji na matope, hauna alama ya kushika, na ukungu ukishuka unakaa. Sehemu ya uwanda huo ni uwanja wa mazoezi ya jeshi wanaotumia risasi za kweli: bendera nyekundu mchana, taa nyekundu usiku. Ratiba za mazoezi hutangazwa mapema, zisome kabla ya kufunga begi.

Rannoch Moor, Uskoti, ni kinamasi cha kilomita za mraba kama 130, vijito na vidimbwi vimetapakaa kila upande. Hakuna genge la mwamba la kukuangusha pale, lakini kupata kipande kikavu cha kutosha hema moja ni kazi ya nusu siku.

Knoydart na Fisherfield, Uskoti pia, ndizo ninazozipa heshima kubwa. Knoydart iko bara, lakini kijiji chake, Inverie, hakijaunganishwa na barabara za nchi. Unafika kwa boti kutoka Mallaig, au kwa miguu zaidi ya kilomita 25 za milima. Mvua ya pale ni ya kudumu. Fisherfield, kaskazini zaidi, imebeba A' Mhaighdean, mlima wa mita 967 unaotajwa kuwa mmoja wa iliyo mbali zaidi na barabara nchini. Ugumu wa pale ni mito. Ukitoka kibanda cha Shenavall kwenda milimani unavuka mto, kisha tope, kisha mto mwingine. Asubuhi maji yako kwenye kifundo cha mguu. Mvua ya saa chache ikipiga, jioni mto uleule haupitiki, nawe uko ng'ambo, chakula kiko kwenye hema upande wa pili.

Milima ya Cuillin, kisiwani Skye, ni habari nyingine. Mgongo wake una urefu wa kilomita kama 12 na vilele vingi vimechongoka. Wengi wanaoupita wote hulala juu njiani, bila hema, ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwenye kijukwaa cha mawe. Juu hakuna maji ya uhakika, unabeba yako. Na miamba yake ina sumaku inayopotosha dira, kwa hiyo ukungu ukija, kifaa unachokiamini ndicho kinachokudanganya. Kama hujui kupanda miamba kwa kamba, usiende bila mtu anayejua.

Juu ya zote naweka uwanda wa Cairngorm, Uskoti. Ni tambarare kubwa iliyoinuliwa zaidi ya mita 1,000, na Ben Macdui wa mita 1,309 uko hapo. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote. Machi 1986 upepo ulipimwa pale ukienda kilomita 278 kwa saa. Wakati wa baridi, ardhi na anga vinakuwa weupe mmoja, huoni mwisho wa uwanda unapoanza genge, na pembeni theluji inaning'inia hewani bila mwamba chini yake. Novemba 1971 kundi la wanafunzi kutoka Edinburgh lilinaswa na dhoruba huko juu likitafuta kibanda cha kujihifadhi. Hawakukifikia. Vijana sita walifariki. Nalitaja kwa sababu uwanda ule wakati wa kiangazi ni mzuri mno, unamfanya mtu asahau.

HATUA YA 3: Hali ya hewa ya mlimani, si ya mjini

Utabiri wa Fort William, mji ulio chini ya Ben Nevis, hauhusu mita 1,000 juu yake. Tumia utabiri wa milima wa Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya huku, au wa MWIS, huduma ya utabiri wa milimani, na wakati wa theluji angalia taarifa za maporomoko ya theluji za Uskoti. Mimi nasoma upepo kwanza, mvua baadaye. Upepo wa kilomita 60 kwa saa juu mlimani, kwangu ni ishara ya kulala bondeni.

Angalia na saa za mwanga. Juni kaskazini mwa Uskoti una mchana wa karibu saa 18. Desemba unapata kama saa 7, na hiyo ni safari nyingine kabisa.

HATUA YA 4: Kusimika hema

Fika mwanga ungalipo. Kanyaga ardhi kwa kisigino, subiri kidogo, na maji yakichomoza pembeni ya kiatu, hama. Kijani kinachong'aa kupita kiasi maana yake ni maji chini. Lala mahali palipoinuka kuliko mto, na usilale kwenye sakafu ya bonde, maana hewa baridi inashuka kukusanyika hapo usiku.

Upepo ukiwa mkali, usitandaze hema lote kwa mpigo. Piga magoti juu yake, funga vigingi viwili vya upande unaotoka upepo, tupia begi ndani, ndipo uinue. Upande mwembamba wa hema utazame upepo. Kwenye mboji vigingi vifupi vinachomoka kama kijiko kwenye uji. Beba virefu, vipigilie vikiwa vimelala kidogo kinyume na kamba, na kama kuna mawe weka juu yake. Kaza kamba tena kabla ya kulala, kwa sababu kitambaa kikilowa hulegea. Usipikie ndani ya hema lililofungwa hata kama mvua inanyesha: moshi wa jiko la gesi una sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu waliokuwa wanapasha chai tu.

HATUA YA 5: Mito

Maji ya kasi yakipita goti, usivuke. Tafuta mahali mto umepanuka na kugawanyika, si pale ulipobanwa. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka uliache, usivue viatu, tazama maji yanakotoka, na tumia fimbo kama mguu wa tatu. Mito ya Uskoti hujaa haraka na hupungua haraka. Mara nyingi dawa ni kusubiri, kwa hiyo beba chakula cha siku moja ya ziada.

HATUA YA 6: Acha taarifa nyumbani

Mwachie mtu ramani ya njia yako, mahali utakapolala, na saa ambayo akiwa hajakusikia apige simu. Knoydart simu haishiki sehemu nyingi, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti ni hela iliyotumika vizuri. Ishara ya hatari ni filimbi sita au mimuliko sita ya tochi ndani ya dakika moja, nyamaza dakika, rudia.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Leicester: Mkuu, sina gari. Hayo mapori nayafikaje?

Panda treni hadi Corrour, pembeni ya Rannoch Moor. Iko mita 408 juu, hakuna barabara ya umma inayofika pale, na treni ya usiku kutoka London husimama hapo. Ukishuka, uko porini tayari. Lala karibu na stesheni usiku wa kwanza, ujue hema lako linaishije na mvua.

Mdau, Mombasa: Kaka, na wanyama je? Chui, fisi?

Hakuna. Dubu na mbwa mwitu waliisha karne nyingi zilizopita. Nyoka mwenye sumu ni wa aina moja tu, naye ni mwoga. Wanaokusumbua ni visubi, kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, hasa jioni tulivu yenye mawingu. Wanakuja kwa maelfu, wanaingia puani na masikioni. Beba chandarua cha kichwani na ulale penye upepo kidogo, hawauwezi. Kupe ndio wa kuogopa: jikague makwapani, kinenani na nyuma ya magoti kila jioni, mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi. Ukiona duara jekundu linapanuka siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari, umwambie uling'atwa.

Dada, Aberdeen: Nataka kwenda peke yangu. Mwanamke, tena mweusi, nitakuwa salama?

Dada yangu, ndani kabisa ya pori utakutana na watu wachache, na wengi watakusalimu na kukuuliza njia ikoje. Ninachokushauri ni kulala mbali na maegesho na kando ya barabara, kwa sababu walevi na wasumbufu hawatembei kwa muda wa saa nne na begi mgongoni. Macho ya kukushangaa kijijini unaweza ukayapata, sitakudanganya. Haki yako ya kuwa pale ni sawa na ya yeyote. Safari ya kwanza nenda na mwenzako, ya pili uamue mwenyewe.

Mdau, Arusha: Nafanya kazi Kilimanjaro. Vifaa vyangu vya kule vitafaa?

Viatu na nguo za joto, ndiyo. Mfuko wa kulalia wa manyoya uweke ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu ukilowa haukupi joto. Hema liwe la kustahimili upepo. Gesi haipandi ndege, nunua ukifika.

Mdau, Reading: Nikiokolewa nitatozwa kiasi gani?

Hutozwi kitu. Piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, wanaacha vitanda vyao usiku. Sajili namba yako leo kwa kutuma neno "register" kwenda 999, ili siku mtandao ni dhaifu uweze kutuma ujumbe badala ya kupiga.

Mdau, Zanzibar: Maji ya udhu na ya kunywa ni hayohayo ya mto? Na kibla?

Kibla ni kusini mashariki, lakini Cuillin usiitegemee dira, tumia jua. Juni huko kaskazini giza kamili haliingii, kwa hiyo chukua ratiba ya Isha kwa imamu wa msikiti wako kabla ya kuondoka. Udhu tia bila wasiwasi. Ya kunywa teka kijito kinachokimbia, panda kidogo uangalie kama hakuna mzoga wa kondoo au kulungu juu yake, kisha chemsha au chuja. Na choo kiwe angalau mita 30 kutoka maji yoyote, ufukie.