Gemu ya zamani inasuasua: pima kwanza, bisibisi baadaye

Umeitoa stoo kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 486, umefuta vumbi, DOS (mfumo endeshi uliotangulia Windows) imefunguka, gemu ya Doom imeanza. Unasogea hatua mbili kuelekea mlangoni na picha inakatika-katika kana kwamba mtu anakuonyesha kadi moja moja. Hapo wengi hukimbilia kutafuta prosesa kubwa zaidi au kadi nyingine ya picha. Nakusihi usinunue kitu bado. Mashine hizi zilicheza gemu hizi zilipokuwa mpya. Kama leo zinashindwa, mara nyingi kuna kitu kimezimwa, kimechakaa, au kimerudi kwenye mpangilio wa kiwandani bila mtu kujua. Tukitafute.

Ninachoeleza hapa kinahusu kompyuta za DOS na Windows 98, tangu 386 hadi Pentium III. Fuata mpangilio huu, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na kasi ikapanda, hutajua kipi kilichosaidia, na kesho tatizo likirudi utaanza upya.

Hatua ya 1: Fungua kasha kabla ya kuwasha

Tafuta betri ya ubao mama. Bao nyingi za 386 na 486 zina betri ya duara kama pipa dogo, ya volti 3.6, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Hiyo ndiyo adui mkubwa wa mashine hizi. Huvuja, na majimaji yake hutafuna njia za shaba polepole kwa miaka. Ukiona ukungu wa kijani au weupe kando yake, kata miguu yake uitoe, sugua sehemu hiyo kwa pamba yenye siki nyeupe (majimaji hayo ni ya alkali, siki huyaua), kisha pangusa kwa spiriti ya isopropili na uache pakauke kabisa. Hata kama haijavuja, itoe. Itavuja.

Tazama pia kapasita (vipipa vidogo vinavyotuliza umeme). Zilizovimba kichwani, hasa kwenye bao za mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutoa umeme usiotulia, na hakuna mpangilio wa programu utakaoponya hilo. Zungusha feni kwa kidole: iwe nyepesi.

Hatua ya 2: Pata namba

"Inahisi polepole" si kipimo. Kwenye folda ya Doom andika:

DOOM -TIMEDEMO DEMO3

Gemu itajicheza yenyewe kwa kasi yote iwezayo, kisha itafunga na kukuandikia mstari unaofanana na ujumbe wa kosa: gametics 2134 (hatua za gemu) kwa realtics kadhaa (muda halisi uliotumika, 35 kwa kila sekunde). Hilo si kosa, ndiyo namba uliyokuwa ukiitafuta. Gawanya 74,690 kwa idadi ya realtics upate fremu kwa sekunde. Realtics 6,000 ni kama fremu 12. Realtics 3,000 ni kama fremu 25. Ukicheza kawaida, Doom haivuki fremu 35 hata kwenye mashine yenye nguvu, kwa hiyo usilinganishe kwa macho, linganisha kwa kipimo hiki.

Rudia mara mbili na uandike ya pili, kwa sababu mara ya kwanza diski bado inapakia vitu. Ukubwa wa dirisha la gemu na kiwango cha picha viwe vilevile kila unapopima. Kwa mashine za Pentium na kuendelea tumia Quake: fungua konsoli, andika *timedemo demo1*. Usiipime 486 kwa Quake ukakata tamaa. Gemu ile ya 1996 iliandikwa ikitegemea kitengo cha hesabu za desimali cha Pentium, na 486 nzima isiyo na tatizo lolote bado itahangaika nayo.

Daftari la karatasi linatosha. Tarehe, kilichobadilishwa, namba.

Hatua ya 3: Kache, na tena kache

Hapa ndipo ninapokutana na tatizo mara nyingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo tukae kidogo.

Prosesa ni mpishi mwenye kasi, na kumbukumbu kuu ni ghala lililo mbali. Kache ni meza iliyo mkononi mwake. 486 ya kawaida ina kache ya ndani ya KB 8, na ubao mama huongeza nyingine ya nje, kwa kawaida KB 128 au 256. Ondoa meza hizo mbili na mpishi atatumia muda wake wote akitembea ghalani. MHz zilizoandikwa kwenye prosesa hazitabadilika, lakini kazi itakuwa ya mashine ndogo zaidi kwa kizazi kizima.

Sasa unganisha hilo na ile betri. Betri ikifa, BIOS (programu ya msingi ya ubao mama inayowasha mashine) husahau mipangilio yote na kurudi kwenye ile ya tahadhari, na baadhi ya BIOS huihesabu kache kuwa kitu cha kuzimwa kwa usalama. Niliwahi kubadilisha kadi ya picha, kisha vipande vya kumbukumbu, kisha prosesa yenyewe kwenye mashine moja, jioni tatu mfululizo, huku jibu likiwa kwenye ukurasa wa pili wa BIOS: External Cache, Disabled. Niliwasha, nikapima, realtics zikapungua karibu nusu. Tangu siku hiyo naingia BIOS kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Kwa hiyo: washa mashine, bonyeza Delete (au kitufe kinachotajwa kwenye skrini), na uhakikishe Internal Cache na External Cache zote zimewashwa. Pima tena.

Usiamini maneno ya BIOS peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 ziliuzwa bao za bei rahisi zenye chipu za kache za uongo: plastiki yenye miguu, ndani hamna kitu, na BIOS iliyorekebishwa ili itangaze kache isiyokuwepo. Endesha CACHECHK au SPEEDSYS. Programu hizi husoma kumbukumbu kwa vipande vinavyozidi kukua, na kasi inapaswa kushuka kwa ngazi: juu kabisa ndani ya KB 8, ngazi ya kati hadi mwisho wa kache ya nje, kisha chini. Ngazi ya kati ikikosekana, kache ya nje imezimwa, imeharibika, au haikuwahi kuwepo.

Angalia pia turbo. Kwenye kasha nyingi kuna kitufe cha kupunguza kasi, na kama waya wake haujachomekwa kwenye ubao, ubao mwingine hujichukulia kuwa uko kwenye kasi ya chini. Jampa moja (kifuniko kidogo cha kuunganisha pini mbili) kwenye pini hizo hutatua.

Na kwa wenye Pentium: chipseti (chipu kuu za ubao mama) za Intel 430VX na 430TX zinaweza kuwekea kache MB 64 za kwanza tu za kumbukumbu. Ukiongeza hadi MB 128 ukidhani unaisaidia, Windows 98, ambayo huanza kugawa kumbukumbu kutoka juu, itafanya kazi kwenye eneo lisilo na kache. Rudisha hadi MB 64, pima, na uamini namba.

Hatua ya 4: Njia ya kwenda kwenye kadi ya picha

Fanya hesabu ndogo. Skrini ya Doom ni nukta 320 kwa 200, kila moja baiti moja: baiti 64,000. Kwa fremu 35 ni takriban MB 2.2 kila sekunde. Sloti ya ISA (tundu la kadi la kizazi cha zamani) ya biti 16 hata karatasini haivuki MB 8 hivi, na kadi halisi hutoa pungufu sana ya hapo. Inatosha, kwa shida. Lakini gemu ya nukta 640 kwa 480 inadai baiti 307,200 kwa fremu, na fremu 30 ni zaidi ya MB 9. Hapo ISA imeshindwa hata ungeweka prosesa gani. Kama ubao una sloti za VLB au PCI (matundu ya kadi yenye kasi zaidi), kadi iende huko. Kama una ISA peke yake, punguza dirisha la gemu kwa kitufe cha kutoa (-). Kwa mashine hiyo huo ndio uamuzi sahihi.

VLB ina jambo lake. Ubao huwa na jampa ya kuchagua kasi ya njia hiyo: MHz 33 na chini yake, au zaidi ya 33. Ikiwa kwenye "zaidi" bila sababu, kila safari ya data huongezewa muda wa kusubiri bure.

Pentium Pro na Pentium II kwenye DOS zina tiba ya haraka: programu ndogo ya FASTVID huruhusu prosesa kukusanya data na kuituma kwenye kadi kwa mafungu badala ya punje moja moja. Iendeshe kabla ya gemu, kisha upime.

Hatua ya 5: DOS iliyobeba mizigo

Washa mashine na ubonyeze F5 inapoandika "Starting MS-DOS". Itaruka CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT, mafaili mawili ya mipangilio ambayo DOS husoma inapoanza. Kama gemu sasa inakwenda vizuri, mwizi yuko ndani ya mafaili hayo. Miaka mizima ya draiva za zamani (programu za kuendesha vifaa) hujikusanya humo. Kwa Doom na gemu nyingine zinazotumia DOS/4GW (programu ya kuzifikishia kumbukumbu kubwa), mpangilio huu unatosha:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DOS=HIGH
FILES=30
BUFFERS=20

EMM386 (msimamizi wa kumbukumbu wa DOS) haihitajiki hapo, na kuiacha nje hupunguza mzigo kidogo. Iweke kwenye menyu tofauti ya kuwashia kwa gemu zinazodai kumbukumbu ya aina ya EMS, ambayo EMM386 huitoa.

Hatua ya 6: Picha inakwama kwa vipindi

Kukwama kwa vipindi si sawa na kuwa polepole muda wote. Fungua SETUP ya gemu, uchague kutokuwa na kadi ya sauti, na ucheze dakika tano. Ikitulia, rudisha sauti kwa idadi ndogo ya chaneli, na uhakikishe kadi haigombanii IRQ 7 (njia ya kifaa kuita prosesa) na tundu la printa. IRQ 5 huwa salama zaidi.

Isipotulia, sikiliza diski. Ikikwaruza kila picha inapokwama, pakia SMARTDRV (kache ya diski) kwenye DOS. Kwenye Windows 98 ingia Device Manager, fungua sifa za diski, na uweke alama kwenye DMA. Bila alama hiyo, prosesa yenyewe inabeba kila baiti kutoka diskini huku gemu ikisubiri.

Mashine inayoanza vizuri na kudhoofika au kuganda baada ya robo saa ni suala la joto. Safisha, badilisha pasta ya kupoozea.

Hatua ya 7: Gemu inakimbia mno

Hili nalo ni tatizo la kasi. Wing Commander ya 1990 haikuandikwa kwa prosesa za baadaye, na kwenye mashine yenye nguvu mapambano yanaisha kabla hujageuza meli. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal nazo hufunga na "Runtime error 200" kwenye prosesa za haraka, kwa sababu hesabu yao ya kupima kasi hutoa jibu kubwa lisiloingia kwenye nafasi yake, na programu huliripoti kama kugawanya kwa sifuri.

Sasa ile kache uliyoihangaikia inakuwa breki yako. Bonyeza turbo kwanza. Isipotosha, zima kache ya ndani kwenye BIOS: Pentium itashuka hadi karibu na kiwango cha 386. Programu ya SETMUL hufanya hivyo kutoka DOS kwa baadhi ya prosesa, bila kuwasha upya. Iweke kwenye faili la .BAT la gemu hiyo, mstari wa kuzima kache juu ya jina la gemu, mstari wa kuiwasha chini yake, ili ukitoka kwenye gemu mashine irudi na kasi yake yote.