Ulizieni mbuzi ambaye hamna

Binti wa jirani yangu hapa Mbagala anaenda Omani kufanya kazi za ndani, na mama yake kanifundisha hili. Kabla hajapanda ndege, kubalianeni swali moja la kawaida kuhusu kitu ambacho nyumbani hamna kabisa. Wao wamechagua "Mbuzi wa babu ameshazaa?" Babu hajawahi kufuga hata kuku. Binti akiliuliza kwenye simu, maana yake amebanwa, hata kama dakika hiyo hiyo anacheka na kusema yuko salama. Linafaa kwa sababu mara nyingi simu huwekwa spika na bosi au wakala amesimama pembeni. Kulia atakatazwa, kuulizia mbuzi nani atamkataza? Msichague neno la ajabu ajabu, wakala anayejua Kiswahili atashtuka.

Akinyang'anywa simu, mbinu hii imekufa. Kwa hiyo wekeni na siku ya kupiga, tuseme Ijumaa jioni. Zikipita mbili kimya, anzeni kuhangaika. Na hata mbuzi akizaa, hamtafika mbali polisi kama nyumbani hamna picha ya pasipoti, mkataba, namba ya wakala na anwani ya mwajiri. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ipo tangu 2008, ila inahitaji pa kuanzia.

Kwa mtoto aliyeletwa Dar kutoka mkoani kufanya kazi za ndani, msisubiri mbuzi: pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.