Namna ya Kujua Kiwango Sahihi cha Upepo wa Matairi

Fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo yake, kwani hapo ndipo kwa kawaida hubandikwa karatasi inayoonyesha kiwango cha upepo alichokipanga mtengenezaji kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Magari mengi yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali, kwa hiyo ukikuta 220, gawanya kwa 6.9 upate takriban PSI 32, kipimo anachokielewa fundi wa matairi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa juu, wala si kiwango cha kujazia, tafadhali usiifuate. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, maana tairi lililopata moto barabarani husoma juu zaidi, na ukilipunguza upepo wakati huo, litakapopoa litakuwa pungufu.